Nyota Iliyokauka Dukani

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Mwanangu Bonge ameketi juu ya vitambaa vyangu sasa hivi na kulowesha nusu yake! Hana aibu, ananichekea kwa meno yake mawili. Nimemnyanyua nimgombeze, nikaishia kumbusu tumbo.

Ubaya ni kwamba vitambaa hivyo ndivyo tumaini langu. Fundi cherehani wa hapo chini ana mashine ya pili inayokaa bure, anatafuta mtu wa kumfundisha. Tunaoitaka ni wawili: mimi, na wifi yangu anayejua kupinda suruali na hachoki kutukumbusha. Fundi kasema kila mmoja alete kiblanketi cha viraka, kidogo kama foronya, chenye nyota katikati. Rangi yoyote, mradi nyota iwe ya vitambaa vilivyokoza na pembeni vilivyopauka, mtu aione tangu mlangoni. Ametufundisha kufinya macho. Ukifinya, rangi zinapotea, unabaki mwanga na giza tu.

Mimi nina nyekundu na kijani. Ukizitazama, raha tupu. Ukifinya macho, nyota hakuna! Zimekoza sawasawa.

Lakini pale alipolowesha Bonge, nyekundu imekoza kama zambarau. Mwanangu ana akili huyu!

Jumanne, tarehe 10

Nimeshona, nyota nyekundu, pembeni kijani. Katikati ya kazi nikaifinyia macho suruali nyeusi ya mume wangu, kwa tamaa tu. Akauliza kama macho yananiuma. Nikamwomba suruali. Akauliza kazini aende na nini. Jioni kaniletea dawa ya macho. Nimetia tone moja, asivunjike moyo.

Alhamisi, tarehe 12

Aibu!

Nimelowesha nyota kwa pamba, kipande kwa kipande, nikabeba kwenye mfuko wa plastiki. Fundi akasimama mlangoni, akafinya macho, akasema ehe, nyota hiyo! Nikamtupia wifi jicho la ushindi.

Akaingia mteja wa koti. Mteja mwenye maneno! Mkono mrefu, mkono mfupi, kola inamkaba. Jua limepiga dirishani, nyota ikaanza kupoteza ncha moja, ya pili... Wifi akaniuliza taratibu, wifi, nyota yako imeenda kulala? Fundi akaigusa, akanusa vidole, akataka kujua kama ni maji au ni Bonge. Nikaapa ni maji. Alicheka mpaka akakaa chini. Kasema nirudi Jumamosi na nyota kavu.

Ijumaa, tarehe 13

Wifi kaja na mfuko wa vipande vya bitana nyeusi. Eti vimembakia, nichukue tu. Kwa nini? Nimevinusa. Nimevivuta nione kama vimeoza. Nimevifua nione kama vinachuja. Havichuji! Halafu akambeba Bonge mchana kutwa ili nishone. Huyu mwanamke ana mpango gani?

Jumamosi, tarehe 14

Nyota inaonekana mpaka ng'ambo ya barabara!

Fundi kasema mishono ya wifi imenyooka zaidi, kwa hiyo yeye atapewa kazi za pindo na malipo yake. Kiti cha kujifunza ni cha asiyejua kitu. Yaani mimi! Nikanuna kidogo, kisha nikaruka kwa furaha. Bonge ataketi kwenye boksi chini ya meza. Wifi kanikumbatia, kumbe mpango wake ulikuwa kunisaidia tu. Nimeapa mbele ya wote wawili: hila basi, maisha yangu yote.

Jumatatu, tarehe 16

Naandika haraka, niko dukani. Nimepewa kiblanketi cha mteja, pembeni kitambaa cheupe. Nimekata kipande kimoja vibaya na cheupe kimeisha. Fundi kaenda kununua uzi. Nikimwambia wifi, atanicheka mpaka mwaka kesho. Kimebaki cha kijivu.

Lakini mfuko wa Bonge una poda! Nimekipaka hicho cha kijivu, kimepauka vizuri mno. Ukifinya macho hujui. Nimebana pumzi poda isipeperuke. Mteja akija kukung'uta, atakuwa ameshafika kwake. Fundi karudi, ananiita, anauliza mbona duka zima linanukia mtoto, ngoja nifiche hili kopo chini ya...