Malalamiko Kuhusu Ndoo ya Kutemea Mvinyo

Kwa Meneja, Shamba la Mizabibu na Kiwanda cha Mvinyo.

Ndugu Meneja,

Pokea salamu za fundi cherehani aliyekuja kwenu wiki tatu zilizopita na suti mpya, akaondoka na aibu. Nilikuja na mchumba wangu pamoja na baba yake, mkaguzi wa shule mstaafu, mtu asiyecheka ovyo. Shabaha yangu ilikuwa moja tu: mzee anione mstaarabu, anipe binti. Mmenivurugia. Kwa heshima zote nalalamika hivi:

1. Mlituzungusha shambani juani saa nzima, kiu ikatukaba. Ndipo mkatuingiza kwenye ghala la mapipa na kutupa mvinyo wa kulowesha ulimi tu. Mwenye kiu hupewa maji, ndugu yangu.

2. Kando ya meza mliweka ndoo. Wageni wote, mzee akiwemo, walionja, wakasukutua, wakatema. Mimi nimelelewa na shangazi. Kwake, ukitema ulichokaribishwa unakula kofi. Nikameza. Tena kwa kuwasitiri ninyi wenyeji, nikamalizia na glasi zilizoachwa na wenzangu.

3. Aina zilikuwa kumi na moja na hakuna aliyenizuia. Mwongoza wageni wenu alinisifu kwamba nina ulimi mzuri. Kumsifu mtu aliyefika glasi ya tisa ni kumsukuma shimoni.

4. Kwenye ya kumi nilitoa tepu yangu ya kupimia, nikampima mzee kiuno mbele za watu na kutangaza kipimo. Halafu nikalikumbatia pipa namba saba, nikalia, nikakiri kwamba namwogopa mzee kuliko mbwa wa jirani, na kwamba lile koti lake la sherehe ya kustaafu nililikata vibaya mimi, mkono mmoja mfupi.

Tangu siku hiyo mzee hajanisemesha. Nampenda binti yake, na roho inaniuma kweli. Kwa hiyo naomba mumwandikie kwamba kosa ni la ndoo. Mtundike juu yake kibao chenye herufi kubwa, TEMA. Kisha mfike nyumbani kwake na pipa namba saba, litoe ushahidi.

Nisalimie wachuma zabibu wote, mwongoza wageni, na yule mama aliyenitafutia viatu nilivyovipoteza ghalani.

Wako kwa masikitiko na adabu,
Fundi Cherehani

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, mchumba wangu ameisoma barua hii. Anasema habari za ndoo zilielezwa mara tatu, ila mimi nilikuwa namtazama yeye. Na baba yake amepiga simu sasa hivi. Anasema miaka yote ya ukaguzi watu walimdanganya kwa adabu. Mimi ndiye wa kwanza kumwambia ukweli kuhusu lile koti. Binti nimepewa! Lakini mzee ana maswali mengine ya kuniuliza, na anataka nijibu kwa ukweli ule ule, kwa hiyo Jumamosi ananileta kwenu tena. Kibao msikitundike. Na hiyo ndoo iondoeni.