Shuka la Mvua

Alhamisi, 6 Machi
Mama mkwe ametangaza: atakayewakinga wageni wake na mvua Jumapili ndiye atakayepewa chumba cha mbele. Yaani mimi au mwanyumba, yule aliyeoa dada wa mke wangu. Mwanyumba keshanunua turubai la plastiki. Maskini! Mimi nina shuka.

Wacha wacheke. Nimesoma: maji yana ngozi. Molekuli zake zimeng'ang'aniana, hazipiti tundu dogo hivihivi. Nimefunga kipande cha shuka mdomoni mwa gilasi iliyojaa, nikaipindua juu ya kichwa changu. Halikudondoka tone! Mke wangu akasema nibaki hivyohivyo, angalau nimetulia.

Ijumaa, 7
Nimekwenda kwa mama mkwe kuwaonyesha hiyo ngozi. Nimelaza sindano juu ya maji ya bakuli. Ikaelea! Mama mkwe akasogeza kiti karibu. Mwanyumba akakuna kidevu. Ndipo mke wangu akatoka kuosha vyombo, mikono povu tupu, akachovya kidole aone kama ni sindano kweli. Chubwi, ikazama! Sababu naijua: kijicho cha mwanyumba.

Jumamosi, 8
Siwezi kukaa. Napanda ngazi, nashuka, napanda. Shuka nimelitandaza juu ya ua, limekaza kama ngoma. Manyunyu ya asubuhi yakabaki juu kama shanga, chini pakavu! Mama mkwe akasifu, ila akasema lina madoa, wageni watamwonaje? Nimelifua mwenyewe. Sabuni mche mzima. Kusuuza nimesuuza kidogo tu, harufu nzuri isipotee.

Jumapili, 9
Mvua! Nikasimama katikati, nikiwaambia wageni watulie, ngozi inashika. Ikashuka yote, na povu juu yake. Mama mkwe akauliza nani kaniambia wageni wake hawajaoga. Wote mbio chini ya turubai la mwanyumba. Na mimi, ila pembeni. Mwanyumba akaniambia nisogee ndani, nafasi ipo. Dharau hiyo!

Jumatatu, 10
Mwanyumba kahamia chumba cha mbele. Mama mkwe kanihurumia: bado kuna banda la nyuma, nijaribu tena Jumapili. Mwanyumba akaninong'oneza eti sabuni ndiyo inayoilegeza ngozi ya maji, nikumbuke kidole cha mke wangu, nisuuze sana. Nimecheka hadi machozi. Anataka niaibike na shuka chafu! Kosa langu nimeshaliona: halikutakata vizuri. Limelowekwa tangu alfajiri. Miche miwili.