Jaketi za Mgomba

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Balaa! Mkaguzi wa vyombo vya majini amefika mwaloni, hapa mitumbwi inapopakia. Kuanzia wiki ijayo, nahodha asiye na cheti cha usalama habebi abiria. Mafunzo yanaanza kesho, mtihani Ijumaa. Na kila abiria awe na jaketi okozi. Yaani mimi, Anastazi, nikafundishwe maji! Novatus, mwenye ule mtumbwi mwingine, kajiandikisha wa kwanza. Kimbelembele. Nikauliza kama kuna kuogelea. Kupo. Sijui kuogelea, na siri hiyo hakuna anayeijua, hata mke wangu Auleria.

Jumanne, 5 Agosti

Nimesingizia mgongo. Auleria kanikumbusha kwamba mtumbwi tuliununua kwa kahawa ya shamba lake, ukisimama, tumekwisha. Akasema basi ataenda yeye mafunzoni. Nikamwambia aende tu, atachoka mwenyewe.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepata! Jaketi za dukani Nkwenda hazishikiki kwa bei. Lakini utotoni, Ihembe, tulivuka bwawa juu ya mashina ya migomba. Hayakuzama hata siku moja! Nimeshona viroba, nimejaza magome makavu ya migomba ya huko huko Ihembe, nimepaka rangi ya machungwa. Mwenye jaketi hahitaji kuogelea. Akili hizi Novatus atazitoa wapi?

Mama Benadeta, anayevuka na ndizi zake kila siku ya soko, kajaribu moja. Kasema anaogopa maji tangu usichana wake, sasa atakaa kwa amani. Kanibariki. Nimejisikia mtu mkubwa.

Ijumaa, 8 Agosti

Sitaki kuandika. Naandika.

Mgongo ulipona, nikaenda kwenye mtihani. Mkaguzi akaagiza kila nahodha aruke na jaketi lake. Nikaruka kwa madaha. Likaelea. Kidogo. Kisha likaanza kunywa maji, likawa zito kama kiroba cha mihogo iliyolowekwa, nami ndani yake! Aliyenitoa ni Novatus. Kwa kunishika ukosi! Mwalo mzima ukacheka.

Mama Benadeta hakucheka. Alikuwa kavaa lake. Akalivua, akaliweka miguuni pangu, akaondoka bila kuniaga. Niliona aibu mpaka nikatamani Novatus angechelewa.

Jumamosi, 9 Agosti

Kumbe Auleria naye alifanya mtihani. Kafaulu. Anaogelea vizuri kabisa. Miaka yote hii sikuwahi kumuuliza. Kuanzia sasa nahodha ni yeye. Mimi ni abiria.

Leo alilia jikoni. Nikamwambia mtumbwi upo, alie nini tena. Akasema halilii mtumbwi. Kila akifumba macho anamwona Mama Benadeta chini ya maji, na rangi yangu ya machungwa mwilini. Nami nililia.

Jumapili, 10 Agosti

Nimesali. Nimetubu. Nimelitafakari kosa langu kwa unyenyekevu, nimeliona: migomba ya Ihembe ina maji mengi. Ya Kamuli ndiyo mikavu! Baada ya ibada nimekwenda kwa baiskeli, nimerudi na mzigo.

Kesho Auleria anavusha kwa mara ya kwanza. Kaninunulia jaketi la dukani, akanisihi nisilivue hata tukiwa ufukweni. Masikini, wamemlaghai. Nimelipasua nikakuta sponji tupu, jepesi, halina hata uzito. Sponji lote nimelitupa. Nimejaza magome ya Kamuli, nikashona vizuri asijue. Sasa hili ndilo jaketi.