Vita vya Akuol kwa Ajili ya Yai Moja

Sogeeni, enyi watu wa Kakuma, nanyi wa Lodwar mliokuja kwa pikipiki kutoka Kanamkemer! Zimeni redio, wapanguseni watoto makamasi, msikie jinsi Akuol binti Kuot, simba jike wa kambi, alivyopigana vita mwaka ule wa elfu mbili kumi na tatu.

Akuol alikuwa na kuku mmoja, mwekundu, na kwa kuogopa wezi alimficha uvunguni mwa kitanda, nyuma ya magunia, usiku na mchana. Kuku akala mtama, akanenepa kama mke wa diwani, lakini yai? Wapi! Ndipo akatokea shemeji yake, Bior, mwenye tumbo lisilojua amani, sufuria mkononi.

"Shemeji!" akanguruma. "Huyu anakula bure. Jumapili ataingia humu!"

Akuol akasimama kukinga kitanda, maana kuku yule ndiye mali yake yote yenye kupumua.

"Ewe Bior, jemadari wa mchuzi! Nipe mpaka Pasaka. Asipotaga, nitakumenyea vitunguu mwenyewe."

Akamwita Sylvia, afisa wa mifugo. Sylvia akapiga magoti, akachungulia uvunguni, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mama, umemfunga gizani! Mwanga ndio huamsha ubongo wa kuku, nao ubongo hutuma homoni kwenye ovari. Mle, kwenye utando wa nje wa seli, kumekaa kitu kidogo kinaitwa kipokezi, kama chifu mlangoni pa ofisi. Ujumbe ukifika, huamuru homoni nyingine zitengenezwe, na kifuko kinachobeba yai kipasuke kiliachilie. Usipofika, yai linabaki mle mle."

"Kwa hiyo chifu amelala?"

"Hajaletewa habari tu, mama."

"Basi mimi nitampelekea!"

Akamtoa kuku nje, akamjengea kauzio ka miiba penye kivuli chepesi, akaketi mlangoni na fimbo tangu alfajiri hadi magharibi, akitukana mwewe kwa Kidinka na wezi kwa Kiswahili. "Chifu!" alimwinamia kuku mkiani. "Kumekucha, fungua ofisi!" Majirani wakasema jua limempanda kichwani.

Pasaka ikafika. Bior akaja na kuni, na chumvi. Akainama amkamate kuku. Kuku akapiga kelele, akaruka, na pale alipolalia pakang'aa yai, dogo, lenye kinyesi kidogo ubavuni, la moto bado.

Akuol akaliinua juu ya vichwa vya watu wote. Vigelegele vikatanda mpaka barabarani, lori likapunguza mwendo. Naye Bior, kwa kuwa ni ndugu, akapewa heshima ya kulishika kidogo, kwa mikono miwili, akionywa asikohoe.