Mtunza Insulini wa Butiama

Jumatatu, 8 Septemba 1997

Siku kubwa! Sista Dafroza, muuguzi wa Mfuko wetu wa bima, amekuja zahanati kutoka ofisini kwao Iringo, Musoma. Katueleza vizuri mno. Dawa ya kikohozi mwanachama anapata hapahapa kwa kadi yake. Insulini ni dawa maalumu: daktari aandike barua, Mfuko uidhinishe, dawa inunuliwe Mwanza, isafiri ndani ya kasha la barafu. Barua, muhuri, barafu! Yote hayo kwa ajili ya dada yangu Eufrasia, mkulima wa mihogo mwenye kisukari, ambaye huwaga anaifuata Musoma kila mwezi. Nilitamani kupiga makofi.

Sasa Mfuko unataka mtunza dawa hapa Butiama. Awe na mahali pa baridi. Jirani yangu Machage akanyoosha mkono. Mimi nikanyoosha miwili. Tangu ghala la pamba la ushirika lifungwe sina cheo chochote. Nikasema nina friji.

Sina.

Jumanne, 9 Septemba

Bunda. Shemeji Wambura amevuta umeme kwenye baa yake, friji lake la mafuta ya taa limekaa bure. Nimembembeleza mpaka akachoka. Limerudi nami juu ya lori la pamba. Linanuka sangara. Eufrasia amelisugua kwa ndimu, akaniuliza kama nimewahi kutumia friji. Nikamwambia friji siyo ndege.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimeteuliwa! Sista Dafroza kaacha kipimajoto, daftari na chupa saba ndogo. Akarudia mara tatu: joto lisipungue nyuzi mbili, lisizidi nane, dawa isigande. Mwanamke makini sana huyu. Hata kalamu yake ina kamba.

Doa moja tu. Machage naye kapewa chupa tatu za akiba. Friji lake? Chungu ndani ya chungu, katikati mchanga uliolowana! Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Sista hakucheka. Alipima joto la kile chungu, akasema kwa akiba ya siku chache kinafaa.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimefikiri sana. Kama baridi ni nzuri, baridi zaidi ni nzuri zaidi. Friji hili moto ukizidi ndipo baridi inazidi, basi nimepandisha utambi mpaka mwisho. Kufika saa sita mchana, theluji! Nimeita majirani waone. Machage aliingiza mkono, akautoa, akaondoka zake. Wivu.

Jumapili, 14 Septemba

Kutoka misani nimekuta chupa zote ngumu kama mawe. Nimezianika juani. Zimeyeyuka, lakini ndani kuna vibonge kama maziwa yaliyokatika. Nimezitikisa kwa nguvu zangu zote. Ukizitazama kwa mbali ni nzuri kabisa. Nani atajua?

Jumatatu, 15 Septemba

Eufrasia kaja na kadi yake. Insulini yake ilikuwa imeisha jana. Midomo mikavu, anaomba maji kila dakika. Nikachukua chupa. Mkono ukakataa. Kweli kabisa, ulikataa! Nikaificha nyuma ya mgongo.

"Kasmiri mdogo wangu, umefanya nini?"

Nikamwambia friji liko likizo. Akakaa chini. Hapo ndipo nilipokimbia kwa Machage. Nimekimbia, mimi, mwenye miaka hamsini na sita! Nikamweleza yote. Nilisubiri anicheke. Hakunicheka. Alifunua chungu, akanipa chupa baridi, akachukua baiskeli kwenda kumpigia simu Sista Dafroza kule Iringo. Jioni Eufrasia alikula ugali. Nimemtazama akitafuna mpaka akanifukuza.

Jumatano, 17 Septemba

Sista Dafroza kafika na chupa mpya saba. Aliinua zangu kwenye mwanga wa dirisha, moja baada ya nyingine.

"Hii imekufa, Bwana Kasmiri. Dada yako angejichoma maji."

Nilijiandaa kutukanwa. Badala yake akatoa fomu. Kuna fomu ya dawa iliyoharibika! Ina hata nafasi ya kuandika sababu. Mfuko huu uliwawaza watu kama mimi kabla haujanifahamu. Niliisaini kwa heshima kubwa. Kwenye sababu akaandika mwenyewe: bidii.

Mtunza dawa sasa ni Machage. Anastahili. Nimelisema hilo mbele za watu, tena kwa sauti.

Ijumaa, 19 Septemba

Eufrasia yuko shambani anaimba. Nimekwenda kwa Machage kusoma kipimajoto chake. Chungu kizuri, sikatai. Lakini kina udhaifu mmoja: kimekaa mahali pa joto.

Asubuhi nimenunua chungu kikubwa kuliko vyote sokoni. Nimeng'oa rafu za friji, kimeingia vizuri. Mchanga nimeulowanisha, utambi nimeupandisha mpaka mwisho. Baridi mara mbili! Jumatatu Sista Dafroza anakuja kukagua. Hajui bado. Nina hamu ya kuuona uso wake.