Tena Mara Kumi!

Jumatatu, 6 Aprili

Wiki ya tatu ya kufungiwa ndani, ugenini. Chumba kimoja, dirisha moja, kiti chenye miguu mitatu na nusu. Klabu imeamuru kila kocha awafundishe vijana mazoezi kwa video, kila siku saa moja asubuhi. Saa moja! Meneja anahesabu waliohudhuria. Mimi kumi na wanne. Glovu, yaani kocha wa makipa anayekaa chumba cha juu yangu, thelathini na mmoja! Mtu ambaye kazi yake ni kurusha mipira tu.

Wangu wa kumi na tano ni binti yangu, miaka sita. Viwanja vya ndege vimefungwa, na nikipata nafasi jioni, huko nyumbani ameshalala. Kwa hiyo mama yake humfungulia darasa kwenye simu, apate kumwona baba. Huruka kuliko wote. Meneja amekataa kumhesabu, eti si mchezaji wa klabu.

Jumanne, 7 Aprili

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nina kipara, lakini leo zimeota! Nimejirekodi nikifundisha nusu saa nzima: trakisuti ya bluu, filimbi, "Safi sana! Inua goti! Tena mara kumi!" Kuanzia kesho kompyuta itarusha hiyo video. Mimi nitaingia darasa la Glovu kwa jina la bandia, nijue anawalisha nini wale watoto.

Jumatano, 8 Aprili

Imekubali! Vijana huzima sauti zao, hakuna aliyeshtuka. Kwa Glovu nimejiita Kipa Mpya, kamera nimefunga. Akasema Kipa Mpya afungue kamera. Nikafungua, nimevaa barakoa na kofia. Akanichuchumaza mara sitini. Kukwepa kazi ya nusu saa kumenigharimu magoti yote mawili.

Ila niseme kweli, anafundisha vizuri. Anamwita kila mtoto kwa jina. Hapo nimeumia zaidi kuliko magotini.

Alhamisi, 9 Aprili

Mke wangu amepiga simu. Hakusalimia. Akauliza asubuhi nilikuwa wapi. Nikasema darasani, kwani hamkuniona? Akasema waliniona sana.

Mtoto aling'oka jino la kwanza jana usiku. Akakataa kumwonyesha yeyote, hata bibi yake, mpaka baba alione kwanza. Asubuhi akasogeza mdomo kwenye simu, akasema baba, limetoka. Nikajibu, "Safi sana!" Akafurahi. Akauliza nitarudi lini. Nikajibu, "Tena mara kumi!" Akainua goti mara kumi. Akauliza tena. "Tena mara kumi!" Akainua tena. Safari ya nne akakaa chini, akamwambia mama yake kwamba baba hataki kusema.

Mke wangu akasema njia ya mwongo ni fupi. Akakata.

Nimekaa kwenye kiti kibovu. Majuto ni mjukuu, naye wangu amekuja kabla mtoto hajamaliza hata kubadili meno. Nimelia, mtu mzima, filimbi shingoni.

Jumamosi, 11 Aprili

Nimempigia mtoto mimi mwenyewe, mubashara. Hakuniamini! Akaniambia nishike pua. Nikashika. Sikio. Nikashika. Kichwa. Nikashika. Akapiga kelele kwamba ni baba kweli, akacheka, pengo wazi. Pengo zuri kama lile sijapata kuona.

Nikamwapia mama yake kwamba video nimeifuta. Kila siku saa moja na nusu, darasa likiisha, nitampigia. Sitarudia, haki ya Mungu.

Jumatatu, 13 Aprili

Jana tena: pua, sikio, kichwa, ndipo aongee. Hakosei mpangilio.

Leo meneja ametangaza kwamba atakayekuwa na vijana wengi Ijumaa ndiye kocha mkuu wa vijana. Glovu amefika thelathini na tisa! Tena ameongeza darasa la siri la wenye vipaji, kuanzia kesho. Saa moja na nusu. Saa ile ile!

Nimewaza sana. Mtoto huyu nampenda kuliko roho yangu. Lakini ni siku moja tu, Kipa Mpya akachungulie darasa hilo.

Nimeshajirekodi. Pua, sikio, kichwa. Nimeacha sekunde tatu kila mahali, apate nafasi ya kuuliza.