Mfuko wa Kumi na Nne

Jumatatu, 3 Juni

Kibali kimetoka! Baba mkwe ametutangazia leo karakanani kwake, kopo la grisi bado mkononi. Kibali cha kuwinda kwa gobori, msimu mmoja, watu wawili. Mmoja ni yeye mwenyewe. Wa pili ama mimi, ama shemeji yangu fundi bomba, kaka wa mke wangu.

Tutashindana Jumamosi. Kulenga peke yake hakutoshi. Baba mkwe alitengeneza bunduki maisha yake yote, na anasema mwindaji wa gobori hujulikana kwa vifaa vyake vya kushindilia. Gobori hulishwa kwa mdomo: baruti kwanza, kisha kitambaa na risasi, halafu unashindilia kwa ule ufito mrefu uitwao mdeki. Mwisho unaweka fataki kule nyuma, na mlio. Kila mmoja achague vifaa vyake, aje navyo. Baruti katugawia yeye, kichupa kimoja kimoja.

Mwaka wa tisa huu tangu nimwoe binti yake. Mwaka wa tisa ananiita "huyu wa vifungo", eti kwa kuwa nashona nguo. Shemeji anaitwa mwanangu. Sawa, ni mwanawe wa kumzaa. Lakini hata mbwa wa pale anaitwa mwanangu. Jumamosi ni zamu yangu, nimeapa.

Jumanne, 4 Juni

Siku ya ushindi wa akili. Nimeshona mkanda wa turubai la kijani, mifuko kumi na minane, kila mmoja na kifuniko chake na kifungo chake. Kila mfuko nimeutarizi jina kwa uzi mwekundu ili nisibabaike. FATAKI. VITAMBAA VIKAVU. VITAMBAA VYA MAFUTA. FANELI. FANELI YA AKIBA. Mfuko wa kumi na nne, pale mkono unapoangukia wenyewe: BARUTI.

Suruali ya mwalimu mkuu ilikuwa ya leo. Alipokuja nilimwambia kitambaa kinapumzika. Akaondoka anatikisa kichwa, nadhani kwa kustaajabia utaalamu.

Mke wangu akauliza gobori linahitaji vitu vingapi hasa. Nikamjibu akili ni nywele, kila mtu ana zake. Akautazama upara wangu kwa muda mrefu, kisha akarudi kukunja nguo.

Alhamisi, 6 Juni

Shemeji alikuja kutazama sinki letu linalovuja. Nikamchimba kidogo kidogo. Vifaa vyake? Akacheka, akavitoa mfukoni mwa shati. Kikopo cha kupimia baruti. Vitambaa vyenye mafuta ndani ya kopo la peremende. Mdeki anao nyumbani, alirithi. Basi. Nilikaribia kumhurumia.

Ndipo kikadondoka kitu cha nne: parafujo ndogo, nyembamba, yenye ncha kali, urefu wa kidole gumba. Nikamuuliza ni ya nini. Akaiokota, akasema hiyo bwana shemeji ni ya siku mbaya, akairudisha mfukoni kwa uangalifu sana. Halafu akachomoa unyoya wa kuku uliokuwa nyuma ya sikio lake, akautazama, akauchomeka tena, akaingia chini ya sinki.

Nimekaa cherehanini mchana kutwa nawaza. Mtu mwenye vitu vinne tu, na kimoja hataki kukieleza! Hiyo parafujo ndiyo siri yake. Bila hiyo ni fundi bomba tu mwenye kopo la peremende.

Ijumaa, 7 Juni

Nimefanya! Naandika mlango nimeufunga kwa komeo.

Shemeji alirudi kumalizia sinki. Akavua shati, akalitundika mlangoni, akajilaza chini, miguu tu ndiyo inaonekana. Nikampigia soga kuhusu washa, zile pete za mpira za bomba, huku mkono wangu ukifanya kazi. Nikaichukua parafujo. Mahali pake nikaweka kizibuo cha chupa kutoka droo ya jikoni, ili mfuko usipungue uzito. Mpaka suala la uzito nililifikiria, jamani. Huu ni ufundi.

Ila mkanda umejaa. Mifuko yote kumi na minane ina kitu. Ikabidi nitoe kichupa cha baruti kwenye mfuko wa kumi na nne na kuificha parafujo humo, chini ya kifuniko kinachosema BARUTI. Nani atatafuta parafujo ndani ya baruti? Kichupa nimekiweka dirishani bafuni, kando ya miswaki. Nitakichukua asubuhi nikipiga mswaki.

Jumamosi, 8 Juni

Sikupiga mswaki. Nilikuwa na furaha mno.

Nilivyoingia uwanjani nyuma ya karakana, mkanda unalia chwa chwa, hata mbwa alisimama. Baba mkwe akanizunguka mara mbili. Akasoma majina yote kwa sauti, FANELI YA AKIBA akaisoma mara mbili. Akauliza kama nimekuja kuwinda au kufungua duka. Nikacheka naye. Mke wangu alikuwa kakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, hakucheka.

Nikaanza mimi. Ah, mikono ilivyokuwa myepesi! Faneli nje, faneli ndani. Kitambaa cha mafuta, risasi juu yake, mdeki ukashuka laini kama sindano kwenye pamba. Fataki. Nikalenga kopo la rangi hatua arobaini mbele, nikafyatua.

Fataki ikalia "pa" kidogo, kama mtu aliyekanyaga njugu. Gobori likanyamaza.

Baba mkwe akasubiri, kisha akasema risasi imekaa chini bila baruti, na sasa haitoki mbele wala nyuma. Hakuna kuwinda na gobori lililozibwa. Akamgeukia shemeji, akamwambia atoe parafujo yake, ile inayofungwa kwenye ncha ya mdeki, ichimbe risasi na kuivuta nje. Shemeji akaingiza mkono mfukoni. Akatoa kizibuo. Akakigeuza. Akanitazama mimi, halafu akatazama upande wa jiko la dadake kule mbali.

Baba mkwe hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa ananitazama mimi, kwa upole ambao sijawahi kuuona katika miaka tisa. Akaniwekea mkono begani. Akauliza, mwanangu, baruti yako iko wapi?

Mwanangu! Nilisikia vizuri kabisa. Joto likanipanda mpaka masikioni, na kwa furaha hiyo mdomo ukatangulia akili. Nikajibu, mfuko wa kumi na nne, baba.

Akaufungua yeye mwenyewe.

Shemeji alicheka mpaka akakaa chini. Akasema ahsante shemeji kwa kunitunzia. Akaifunga parafujo kwenye mdeki, akazungusha mara tatu, risasi ikatoka. Kisha akapima baruti yake, akashindilia, akalipiga kopo la rangi katikati. Vitu vinne, dakika mbili. Nafasi ni yake.

Njiani mke wangu akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Kisha akasema mswaki wangu unanuka baruti.

Jumapili, 9 Juni

Nimelala vizuri, nimeamka mtu mpya. Kwanza, nimeitwa mwanangu. Mbele ya mashahidi wawili na mbwa. Hilo halifutiki.

Pili, nimeelewa kosa. Mifuko ilikuwa michache. Ingekuwa kumi na tisa, baruti isingehama. Nakata turubai tangu asubuhi. Mwalimu mkuu amepita tena. Nimemwambia kitambaa kimepumzika vizuri, ila uzi sasa ndio umechoka.

Tatu, na hili ndilo kubwa. Jana, kabla ya kufyatua, shemeji aliuchomoa ule unyoya nyuma ya sikio, akaurudisha, halafu ndipo akapiga. Nyote mmetazama parafujo. Mimi peke yangu nimetazama unyoya!

Mke wangu anasema kaka yake anakunia sikio tu, tangu utotoni. Hivyo ndivyo wanavyotaka niamini, ukoo mzima.

Sinki limeanza kuvuja tena, nililegeza nati mwenyewe. Shemeji alikuja saa nne, akavua shati, akaweka unyoya juu yake. Sasa uko mfuko wa kumi na tisa. Na nimepiga mswaki kabisa.